Hodi Kabla ya Amri

Siku ya kuaga nilirudisha ufunguo wa chumba cha mitambo, nikarudisha kitambulisho, na kikombe changu cha chai chenye mpini uliovunjika nikamwachia mhasibu, ambaye miaka yote alikuwa akikitumia akidhani sijui. Kitu kimoja tu hakikuulizwa, nami sikukitaja: kebo yangu ya buluu, ile bapa ya kuunganishia kompyuta na ruta. Wengi wenu, mafundi vijana, hamjawahi kuishika. Ndiyo sababu mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla yenu, nami nimekaa hapa kibarazani Msamala, jirani yangu akipukuchua mahindi na redio yake ikijisemea.

Vyeo sitavisimulia, vilikuja vyenyewe kama mvi. Nitasimulia namna tulivyokuwa tukiingia kwenye vifaa vya watu: kwanza kwa miguu, baadaye kwa waya, mwishowe kwa skripti, orodha ya amri inayojiendesha na kuzunguka vituo vyote kabla chai haijapoa. Na nitaeleza kwa nini kifaa kimoja cha upande wa Tunduru kilibaki na jina langu baada ya vingine vyote kunifuta, hadi ikabidi niende mwenyewe.

Shirika letu mnalijua, kwa hiyo silitaji. Kwa asiyelijua, kazi yake ni kuunganisha vituo vya afya vya mkoa, kuanzia vilivyo karibu na mji wa Songea hadi vya Mbinga, kando ya Ziwa Nyasa, Namtumbo na Tunduru. Kila kituo kina kabati la chuma, na ndani ya kabati kuna ruta, swichi na betri. Ruta ndiyo inayojua njia. Inapokea sauti na picha za kituo na kuzipeleka mnara hadi mnara mpaka Songea. Muuguzi aliye mbali anaonana na daktari kwenye kioo cha kompyuta, anamwonyesha kidonda, anaulizwa, anajibu. Ruta ikikosea, muuguzi anabaki peke yake na mgonjwa wake.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisini Majengo, juu ya duka la mabati na misumari, nikiwa na cheti kipya na viatu vya kisigino. Aliyenipokea ni Mzee Komba, fundi mkuu, mtu wa Maposeni ambaye kila Jumatatu alikuja kazini na udongo wa shamba kwenye kucha. Nilimwamkia, akaitikia. Akakitazama cheti changu mbele na nyuma, akanirudishia, kisha akanipa kitambaa.

“Kapanguse vumbi mule ndani,” alisema. “Kila kifaa ukikipangusa, soma jina lake.”

Niliona nimedharauliwa. Sikusoma chuo ili niwe mfagizi. Lakini ilipofika mchana nilikuwa nayajua majina ya vifaa vyote, najua feni ya kipi inalia na kipi kinachemka kuliko wenzake. Hakuna mwongozo uliowahi kunifundisha haraka kiasi hicho. Mpaka nastaafu, nikiingia kwenye chumba cha mitambo nisichokijua, nilikuwa naomba kitambaa kwanza.

Safari yetu ya kwanza ya pamoja ilikuwa ya karibu tu, kwenye zahanati moja ya upande wa Maposeni. Kabati la mawasiliano lilikuwa ukutani kwenye ukumbi, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Mzee Komba. Alisimama mlangoni.

“Hodi hapa.”

Muuguzi alijibu kutoka chumba cha ndani. “Karibuni, baba. Ila subirini kidogo, nina watoto kwenye mzani.”

Tukakaa kwenye benchi. Watoto wa kliniki walikuwa wengi, na kila mmoja aliona mzani ni adhabu. Nilivumilia kadiri nilivyoweza.

“Mzee,” nikamwuliza, “lile kabati si letu?”

“Letu.”

“Na ufunguo tunao.”

“Tunao.”

“Sasa tunangoja nini?”

“Nyumba ni yao,” alisema, akafumba macho, akasinzia.

Siku zile kila badiliko lilidai safari. Ulibeba kompyuta mpakato nzito, kebo ya buluu, bisibisi na mkate, ukapanda basi, ukafika umejaa vumbi hadi kwenye kope. Unachomeka kebo kwenye ruta, unaandika amri zako, unahifadhi, unafunga kabati, unaanza kuulizia usafiri wa kurudi. Amri zenyewe zilikuwa mistari michache. Nilipata kwenda hadi ziwani kwa ajili ya kurekebisha herufi moja.

Baadaye ikawezekana kuingia kwenye ruta ukiwa umekaa Majengo. Mimi nilidhani hodi imefika mwisho wake. Mzee Komba akabandika ukutani namba za simu za wauguzi waliotunza makabati, akaanza kuwapigia.

“Kuingia kwa waya nako ni kuingia,” alisema. “Wewe humwoni, lakini yeye yumo.”

Hodi ya simu ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza salamu, na salamu za Mzee Komba hazikuwa fupi: habari za nyumbani, mvua imeanza au bado, mbolea imefika. Kisha hoja yenyewe: tunaomba kugusa ruta yenu, njia itakatika kidogo, hapo mnafanya nini sasa hivi? Kama kuna mgonjwa kwenye kioo, tunaahirisha. Mwenye kituo akishasema karibu, ndipo vidole vinakwenda kwenye kibodi. Mkuu mmoja wa ofisi aliwahi kutulaumu kwa simu ndefu. Mzee alimjibu kwa adabu kwamba yuko tayari kuzifupisha, mkuu achague tu salamu za kuacha. Mkuu hakuchagua.

Msidhani Mzee alikuwa hakosei. Kuna siku alibadilisha njia kwenye ruta moja ya ziwani, na njia aliyoibadilisha ndiyo ileile aliyoingilia. Alikata tawi alilokalia. Ruta ikapotea machoni petu, na mvua ilikuwa imekula barabara. Alikwenda hivyohivyo, sehemu kwa lori la mbao, sehemu kwa miguu. Aliporudi alikuwa na furushi la dagaa na fundisho. Tangu hapo, kabla ya kubadilisha chochote kwa mbali, tuliiagiza ruta kwanza ijiwashe upya baada ya muda mfupi. Ukifanikiwa, unalifuta agizo na kuhifadhi kazi yako. Ukijifungia nje, unakunywa chai, ruta inazima na kuwaka, inarudi kwenye mipangilio yake ya zamani kana kwamba hukuwahi kuigusa. Mnaona nimeandika hili kwa urefu. Mlifanye kila mara, hata siku mnayojiona mahodari.

Dada Zainabu nilimpata kwa simu ya namna hiyo. Alikuwa mkunga aliyehamishiwa kituo kimoja cha vijijini Tunduru, na ufunguo wa kabati ukawa kwake. Nilikuwa nimeshafika pale zamani kufunga ruta, kabla yake. Siku ya kwanza nilipompigia hodi alinihoji kuliko nilivyomhoji: mimi nani, wa wazazi gani, nimeolewa, Songea kuna baridi kweli kama wanavyosema? Mwisho akasema, “Haya, dada Skola, karibu, ingia. Ukimaliza unifungie vizuri.”

Tangu hapo nikawa naingia na kutoka kwake. Nilijua mikorosho yake imepata ugonjwa mwaka gani, nilijua goti lipi linamsumbua, nilijua kijana wake wa kwanza alivyomwoza na jinsi mkwe wake alivyo mvivu wa kupika. Yeye alikuwa wa kwanza kujua mume wangu amefariki, kwa sababu nilikuwa namaliza kazi kwenye ruta yake, naye yuko kwenye laini, simu ya hospitali ilipoingia. Hakukata simu, akaniombea dua kwa Kiarabu, mimi Mkatoliki nikaitikia amina. Lakini hatukuwahi kuonana. Kazi yangu ikienda vizuri, huwa siendi, na ruta ya dada Zainabu ilikuwa haina kiburi. Kadiri nilivyozidi kuwa fundi mzuri, ndivyo nilivyozidi kuwajua watu bila sura.

Mzee Komba alistaafu akarudi shambani kwake, na miaka michache baadaye tulimzika Maposeni. Nililia kuliko nilivyotegemea. Nafasi yake nikaishika mimi, pamoja na zile namba za ukutani.

Kisha akaja Editha. Ninyi mnamjua kama bosi, mimi nilimpokea akiwa binti wa Mbinga aliyetoka chuo, mwepesi wa vidole na mzito wa maneno. Sikumpa kitambaa mara moja, nilimwacha kwanza aniangalie nikifanya kazi. Nilikuwa nabadilisha anwani ya seva ya saa, inayovipa vifaa saa sahihi, kwenye vituo vyote, kimoja baada ya kingine.

“Samahani, mama,” alisema. “Hizo amri unaziandika kwa mkono kila kituo?”

“Naziandika.”

“Zilezile?”

“Zilezile.”

Akanitazama kama mtu aliyewakuta wenzake wanajaza pipa kwa kijiko.

Alichonionyesha wiki ile kilinibadilishia kazi. Katika lugha ya kompyuta iitwayo Python kuna kitu wanakiita maktaba. Si nyumba ya vitabu. Ni fungu la kazi ambazo wengine wameshaziandika, wewe unaliita ndani ya skripti yako ili usianze upya. Maktaba aliyoitumia Editha ilijua kuzungumza na ruta: inafungua njia ya siri, inatoa jina na nywila, inasubiri alama kwamba ruta iko tayari, inaandika amri, inasoma jibu, inatoka. Wewe unaandika mistari michache ya kusema nini kifanyike na wapi. Inayobaki inajifanya.

“Tuanze na kusoma tu, mama,” alisema Editha. “Kusoma hakuvunji kitu.”

Tukaituma ikazunguke na kuleta nakala ya mipangilio ya kila kituo. Nilikaa nikitazama majina yakipita kwenye kioo, Namtumbo, Mbinga, ziwani, Tunduru, njia ambazo zilikuwa zimenichosha mgongo, zikiisha kabla sijamaliza kutafuta miwani. Nilifurahi, na nilisikia wivu kwa niaba ya Mzee Komba.

Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Minara ya ziwani ni mizito wakati wa mvua, na skripti haina subira mpaka uifundishe. Ilikuwa ikibisha, ikiona kimya, inatangaza kwamba kituo kimekufa, kumbe kinakuja polepole. Kuna ruta za zamani ambazo ukitaka kuhifadhi zinakuuliza kama una uhakika, na skripti isiyoambiwa cha kujibu inasimama pale mpaka inachoka. Python yenyewe inajali nafasi za mwanzo wa mstari kama mama mkwe anavyojali mkao wa mkwe wake. Nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini nilipoanza kuhesabu nafasi. Nilipokosea Editha hakucheka mbele yangu, na hilo nimelihesabu kwenye mema yake.

Mengine tulifundishana. Yeye alinifundisha kutoweka nywila ndani ya skripti. Mimi nilimfundisha kujaribu kwanza kwenye kifaa kilichoko mezani, kisha kwenye kituo unachoweza kukifikia kwa miguu, ndipo uende kwa vingine. Na kwamba vituo vilivyofuatana kwenye njia moja unaanzia cha mbali unarudi nyuma, kama anayedeki chumba, asije akajikuta pembeni amezungukwa na maji. Hilo la kudeki alilielewa mara moja.

Tatizo lilikuwa hodi. Skripti inamaliza vituo vyote haraka kuliko mimi ninavyomaliza salamu za kituo kimoja. Alikuwa amekuja mkuu mpya wa idara, mtu mpole aliyependa chati, akaitisha kikao. Chati ilionyesha matumizi ya mtandao yanashuka sana saa ya chakula cha mchana. Akapendekeza mabadiliko yote yaende saa hiyo, yenyewe, bila kumpigia mtu.

“Mama Skola, unasemaje?” aliniuliza.

Nilisema watu wasipigiwe simu ndefu kama ndefu ndiyo shida, lakini wapigiwe. Nikasema mchana wengine hawali, wako na wagonjwa. Waliniheshimu sana, wakaandika hoja yangu kwenye muhtasari, wakapitisha ya mkuu. Editha hakupinga. Alikuwa ameajiriwa juzi, na chati ilikuwa nzuri.

Kwa muda mambo yalikwenda sawa. Kisha siku moja mchana nikiwa naponda kiporo changu ofisini, simu yangu iliita. Mikono ilikuwa na mchuzi, nikabonyeza kitufe cha sauti ya nje. Editha alikuwa meza ya pili.

“Dada Skola.”

“Dada Zainabu. Salama huko?”

“Salama, alhamdulillahi. Mtoto amelia, mama yake amepumzika. Leo mmeingia bila hodi.”

Alinieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa na mzazi ambaye mtoto alitanguliza matako, gari la wagonjwa liko mbali, na daktari wa Songea yuko kwenye kioo akimwelekeza: shika hapa, usivute, ngoja uchungu unaofuata. Katikati ya kungoja picha ikaganda, kisha kioo kikawa cheusi. Skripti yetu ilikuwa imefika kwenye ruta yake, imeweka mipangilio mipya, imeiwasha upya. Kwenye chati, daktari mmoja akizungumza na mkunga mmoja ni kauzi kembamba kasikoonekana. Dada Zainabu alimaliza kwa mikono yake mwenyewe. Kioo kilipowaka tena, daktari alimkuta anamfunga mtoto kitenge.

“Niliogopa, dada,” alisema. “Sikufichi. Nilikuwa nikikuita wewe, si daktari. Nikasema Skola hawezi kuniingilia hivi.”

Simu ilipokatika, Editha alikuwa amesimama. Hakujitetea, na wala hakutaja kikao wala mkuu, ingawa angeweza. Aliomba namba. Akapiga palepale, mbele yangu.

“Shikamoo, mama. Naitwa Editha, niko Songea. Mimi ndiye niliyeandika ile iliyoingia kwako mchana.”

“Marahaba, mwanangu,” dada Zainabu alijibu. “Haya, sasa tumefahamiana. Umekula?”

Kazi aliyoifanya Editha baada ya hapo ndiyo mnayoitumia leo, na wengine mnadhani ilikuja na mtambo. Aliifundisha skripti kupiga hodi. Kabla ya kugusa ruta yoyote, inatuma meseji kwenye simu ya mtunza kabati: Hodi, tunaomba kuingia kwenye ruta, kazi ni hii, njia itakatika kidogo. Kisha inangoja. Ikipata karibu, inaingia. Isipopata, inakiacha kituo hicho inaendelea na vingine, na itarudi kesho kuuliza tena. Mkuu wa idara aliuliza zoezi litachukua muda gani. Editha akasema litachukua muda wa watu kujibu. Kwa kuwa daktari wa siku ile alikuwa ameshampigia mkuu, na kwa sauti isiyokuwa na upole wa dada Zainabu, hoja ilipita bila chati.

Majaribio ya kwanza yalituchekesha. Skripti ilitegemea neno moja, lakini kwetu hakuna mtu anayejibu hodi kwa neno moja. Walijibu karibu sana, habari za Songea. Mmoja alieleza kwamba yeye yuko harusini, ufunguo anao shemeji yake. Mwingine alijibu karibuni ila ngojeni, nina mama yuko kwenye uchungu, na skripti ingeingia kama tusingeishika. Ndipo Editha akaweka sharti: jibu likiwa na chochote zaidi ya neno lenyewe, skripti isiamue, imletee mtu asome. Kwa hiyo tukarudi kupiga simu nyingi tu. Sikulalamika.

Sasa nifike kwenye kustaafu. Kila kifaa katika mtandao wetu kilikuwa na akaunti yangu, yenye ruhusa zote. Aliyestaafu hapaswi kubaki na funguo za nyumba za watu, hata awe mtakatifu, na wakaguzi wa usalama walikuwa karibu kuja. Kwa hiyo kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuandika skripti ya kunifuta. Niliiandika mwenyewe, nikaijaribu kwenye kifaa cha mezani, nikamkabidhi Editha aiendeshe kwa jina lake. Anayejifuta kwa jina lake mwenyewe anakata lile tawi la Mzee Komba.

Aliiendesha wiki iliyofuata, mimi nikiwa tayari nyumbani. Hodi zikaenda kwa watunza makabati wote: tunaomba kuingia, kazi ni kuondoa akaunti ya Skola, amestaafu. Majibu yakarudi, mengine yamejaa baraka na pole, kana kwamba nimefiwa. Vituo vikanifuta kimoja kimoja. Kimoja kilijibu subiri. Kesho yake skripti ikauliza tena, kikajibu subiri. Ikawa hivyo kila siku, mpaka Editha akaja hapa Msamala baada ya kazi, akakaa kwenye kiti hiki cha pili.

“Ni Mama Zainabu,” alisema. “Wakaguzi wanakuja, na jina lako bado liko kwake. Naweza kuingia tu, mama. Ni amri moja.”

“Mbona hujaingia?”

Alitazama chini. “Nikiingia leo bila karibu yake, ile hodi niliandika ya nini?”

Nilimwambia aende nyumbani, nitampigia mwenyewe. Alipotoka nilipiga.

“Dada, mbona unawasumbua watoto?”

“Siwasumbui. Wamebisha hodi, nimesema subiri. Si ndio utaratibu wenu?”

“Ndiyo. Lakini unasubirisha nini?”

Nikasikia kuku wake.

“Dada Skola, umeingia kwangu miaka yote hii,” alisema. “Nimekwambia mambo ambayo ndugu zangu wa tumbo moja hawayajui. Leo unataka kutoka, na kutoka kwenyewe unamtuma mtoto aje afute jina. Kwetu mgeni akiondoka anaaga.”

Nilikuwa nimepiga hodi maisha yangu yote ya kazi, na kuaga nilikuwa nimeaga ofisini tu, kwa soda na hotuba.

“Njoo uage,” alisema. “Ukishaaga, mtoto wako nitamkaribisha afanye kazi yake. Inshallah nitakupikia.”

Nilipanda basi la asubuhi kwenda Tunduru nikiwa na mfuko wa maharage ya Mbinga, kahawa, na kitenge nilichokuwa nimekinunua kwa ajili yangu nikaona rangi zake zinamfaa yeye, ingawa sikujua ana rangi gani. Kebo ya buluu nayo niliitia mkobani, kwa mazoea. Sijawahi kwenda kituoni bila hiyo. Barabara siku hizi ni lami, hakuna vumbi la kope. Kutoka mjini nikachukua bodaboda, mikorosho kulia na kushoto, na nilipomwona mgonjwa wa kwanza ameegemea ukuta wa kituo moyo ulinidunda kama wa siku ile ya viatu vya kisigino.

Nilisimama mlangoni.

“Hodi.”

“Karibu,” ilijibu sauti niliyoijua kuliko sauti ya mtu yeyote aliye hai.

Miaka yote nilimdhania ni mwanamke mkubwa, mwenye kifua. Alitoka mwanamke mdogo, mwembamba, mtandio mweupe, anachechemea goti lilelile. Alinishika mikono yote miwili akanitazama. “Kumbe mrefu,” alisema. Tulikumbatiana palepale mlangoni mbele ya wagonjwa, tukalia sote wawili, na wagonjwa wakatungoja.

Aliniketisha, akanipa maji, akanionyesha chumba cha kujifungulia na kioo kinapokaa. Alinionyesha kabati, kavu, safi, halina hata buibui. Tukala wali na mchuzi wa korosho nyumbani kwake nyuma ya kituo, tukazungumza kama tulivyozoea, ila sasa tukitazamana. Jua lilipoanza kupinda nilisimama, nikamwambia, “Dada Zainabu, asante kwa kunikaribisha kwako. Naomba ruhusa, naondoka.”

“Nenda salama,” alisema. “Njia unaijua.”

Akavaa miwani, akatoa simu, akaandika neno lake moja kwa kidole kimoja. Tulisimama mbele ya kabati lililo wazi. Haikupita muda, taa ndogo ya kijani kwenye ruta ikacheza kidogo, ikatulia.

“Tayari?” aliuliza.

“Tayari.”

Nilifungua mkoba, nikaitoa kebo ya buluu, nikaikunja vizuri na kuiweka juu ya betri, kisha yeye akafunga kabati na ufunguo akauchukua. Siku njia zote zikigoma, mmoja wenu atalazimika kwenda kwa miguu, na ataihitaji. Iko pale. Ila asiende na ufunguo wake, na akifika asipite moja kwa moja hadi kwenye kabati. Asimame mlangoni aseme hodi, na kama dada Zainabu ana mgonjwa, akae kwenye benchi angoje.